Swali Lililokaa Tumboni Wiki Tatu

Siku ya mafunzo tulikuwa wanawake kumi na mwanaume mmoja, tumekaa juu ya viti vya plastiki ndani ya ukumbi wa parokia, na asistanti sosiali, yule wa ustawi wa jamii, akatuandikia kanuni ubaoni. Mtoto unayempokea hapigwi. Hafungiwi nje. Hanyimwi chakula. Hizo nilizielewa bila shida. Iliyoniletea matata ni ile ya mwisho: mtoto hadanganywi. Akiuliza kitu, unamjibu ukweli. Kama hujui, unasema hujui, kisha mnaenda kulitafuta jibu pamoja.

Nilinyoosha mkono. "Hata kama swali ni la upuuzi?"

"Mama, kwa mutoto hakuna swali ya upuuzi," akasema. Alikuwa binti mwenye heshima sana, na alikuwa hajazaa bado.

Mimi ni mshonaji. Masini yangu iko barazani, kwenye kartié, mtaa unaopanda juu ya boulevard, barabara kubwa ya Bunia, na toka asubuhi hadi saa kumi na moja watu wanaopita wananiona pale nakanyaga pedali. Nashona yunifomu za shule, na kwa parokia nashona kanzu za padri, vitambaa vya altare na mavazi ya korale, ambamo mimi mwenyewe naimba sauti ya pili na ni makamu wa rais. Nayasema haya ili ieleweke kwamba nilikuwa mtu mwenye sifa ya kulinda. Mume wangu alipofariki, watoto wangu walikuwa wamekwisha kwenda kwao. Nikabaki na vyumba vitatu na redio. Ndiyo maana nilikubali kuwa mama wa kupokea watoto waliotengana na watu wao.

Wa kwanza kuletwa alikuwa mvulana wa miaka kumi na moja, kutoka upande wa Aveba. Siku yake ya pili, tukiwa mezani, akaweka kijiko chini.

"Mama, samaki inakunywaka mayi?"

Nikasema sijui. Na kwa kuwa kanuni ni kanuni, kesho yake nikamshika mkono tukaenda sokoni, kwa mama anayeuza samaki wa ziwa. Mama yule hakucheka. Aliangalia rundo la samaki wa chumvi lililokuwa mbele yake, akafikiri sawasawa.

"Hawa hapa," akasema, "naona kiu njo iliwaua."

Mvulana alirudi nyumbani ameridhika kabisa, na tangu siku ile hakuuliza tena. Aligeuka mtu wa kujibu. Ungemwuliza kwa nini mvua ya Bunia inapenda kunyesha mchana, angekuambia, na uso wa inspekta wa shule, kwamba asubuhi mawingu yanakuwa bado yamekwama kwenye barabara ya Mahagi nyuma ya malori. Nilikuwa namrekebisha pale nilipojua ukweli. Mara nyingi sikuujua, na jibu lake lilikuwa zuri kuliko langu.

Kisha akaja msichana. Alikuwa na miaka saba, mfuko mmoja wa nguo, na kikombe cha bati ambacho hakukiachilia mkononi siku nzima. Asistanti alinieleza pembeni: siku watu walipokimbia kijiji chao, karibu na Nizi, mtoto alipotezana na watu wake. Familia moja ilimwokota, ikakaa naye, ikampeleka kwa nyingine. Kwangu ilikuwa nyumba ya tatu. Ndugu zake walikuwa wanatafutwa.

Sijapata kuona mtoto mwenye adabu namna ile. Alikaa wima kama mtu anayepigwa picha ya kadi ya uchaguzi. Alikula kidogo. Maharagi alikataa, viazi vitamu alikataa, kabichi alikataa, na katika nyumba yangu ukishaondoa hivyo vitatu kinachobaki ni kitambaa cha meza. Kila baada ya chakula alitoka nje, akaizunguka nyumba polepole, mikono juu ya tumbo, midomo imefungwa. Nikafikiri anasali rozari. Nilimsifu mbele ya majirani. Nilimwambia mvulana, "Angalia mwenzako." Mvulana akaangalia, akasema kwamba mwenzake anatembea kama bata mwenye yai. Nikamkemea.

Wiki ya tatu ilipokaribia kuisha, tumbo lile lilikuwa limejaa na kukaza mpaka gauni halikufungika, nami mshonaji ninajua gauni likikataa. Alikuwa haombi chochote, halii, anakunja uso tu. Nikamchukua tukapanda moto, yaani pikipiki, mpaka kwenye kituo cha afya.

Mwuguzi pale ni mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akamlaza msichana juu ya kitanda, akagonga tumbo kwa vidole viwili. Likalia. Akagonga tena, mahali pengine, likalia sauti nyingine. Nilimwona anataka kuendelea, kama mtu aliyepata ngoma nzuri, lakini akajizuia.

"Iko natoa hewa?" akaniuliza.

Nilijibu kwa niaba ya mtoto, tena kwa majivuno. "Hapana, Munganga. Tangu aingie kwangu, sijasikia hata mara moja. Ni mutoto ya adabu."

Mzee akaniangalia juu ya miwani yake. "Mama," akasema, "hata askofu iko na matumbo."

Akatuandikia dawa ya minyoo, akasema tumpe mtoto maji ya moto na tumwache acheze.

Tuliporudi tulitembea kwa miguu, kwa sababu moto ingemtikisa. Karibu na mzunguko wa boulevard, msichana, ambaye kwa wiki tatu alikuwa hajaniuliza hata maji yako wapi, akasimama.

"Askofu anajambaka?"

Kulikuwa na watu. Kulikuwa na mwanamke wa korale yetu anavuka barabara. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba askofu hazungumziwi hivyo.

Akafikiri. "Basi padri?"

Nilitaka kumwambia anyamaze. Lakini lilikuwa swali lake la kwanza, na mbele ya macho yangu niliuona ubao wa mafunzo na kanuni ya mwisho. Basi nikajiuliza kwa haki: mimi najua nini? Miaka yote nimempima padri mabega, nimempima kifua, nimempima kutoka kiunoni mpaka chini, na sijawahi kusikia kitu. Ushahidi sikuwa nao.

"Sijui," nikasema.

"Mutaulizia?"

"Tutaulizia."

Nyumbani, mvulana hakuona haja ya utafiti. Mapadri hawajambi, alieleza akimenya hindi, kwa sababu kule seminari wanaondolewa kile kitu kabla ya kupewa upadri. Je, wanganga? Wanganga wana dawa yao. Walimu? Walimu wanangoja likizo. Msichana alisikiliza yote hayo, na kila jibu lilimpunguza kidogo. Mwishoni alikuwa amekaa kwenye kona ya baraza, mikono juu ya tumbo, na uso wa mtu aliyesikia kwamba darasa zima limefaulu isipokuwa yeye.

Nilijua kuna kitu hapo. Sikujua ni kitu gani. Nikaona afadhali nipate jibu haraka, jibu la kweli, tulimalize. Na mahali pa haraka ni telefone. Mvulana alikuwa amenionyesha mara mbili: unafungua, unagusa pale chini, unaandika swali, unatuma, jibu linakuja. Siku ya pili yake watoto wakiwa shuleni, nikafungua, nikagusa pale chini. Miwani yangu ilikuwa ndani, juu ya kitambaa cha mteja, na sikutaka kuinuka kwa neno dogo hivyo. Nikaandika, kwa kidole kimoja: Padri anajambaka? Nikatuma.

Jibu halikuja. Nikashona mkono mmoja wa yunifomu. Telefone ikalia, nikaileta karibu na pua. Rais wa korale alikuwa ameandika: Mama, hii ni wimbo wa Jumapili gani?

Niliingia ndani, nikachukua miwani, nikasoma. Nilikuwa nimeandika ndani ya kundi la korale. Sisi ni watu arobaini na kitu. Chini ya swali langu, mzee wa sauti ya nne, ambaye hujibu kila kitu bila kusoma, alikuwa amekwisha kuandika: Amina. Wawili wengine wakaandika Amina nyuma yake. Mtunza nidhamu akaweka uso wa njano wenye macho makubwa.

Na padri yumo katika kundi lile. Mimi mwenyewe ndiye niliyependekeza aingizwe.

Mvulana alipotoka shule nilimpokea kwenye njia. Nikamwambia afute. Alisoma, akanirudishia macho yaliyojaa heshima ambayo sijawahi kuiona kwake, kisha akabonyeza hapa na pale, na maneno yakatoweka. Nikamshukuru. Nilimpa ndizi. Saa nzima nilikaa katika amani. Kisha jirani yangu wa sauti ya kwanza akapita barazani, akaniuliza kama padri amekwisha kunijibu, na tukagundua kwamba mvulana alikuwa ameyafuta kwenye telefone yangu peke yake.

Padri akajibu jioni, kabla jua halijaingia. Aliandika: Mama, mukuye kesho kisha misa ya asubui. Leta na muulizaji.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nilivaa kitambaa changu cha heshima zaidi, kile cha ubatizo wa wajukuu, nikawavalisha watoto, tukaenda. Kwenye misa sikuimba vizuri. Kila aliyeniangalia nilifikiri anajua, na kweli wengi walijua.

Ofisi ya padri ni chumba chenye kabati la rejesta, meza, na viti vinne vya plastiki. Padri wetu ni mtu wa makamo, mrefu, mwenye sauti nzito. Nikaanza kuomba msamaha nikiwa bado mlangoni. Akanionyesha kiti.

"Nani aliuliza?"

Msichana akainua kidole, kama shuleni.

"Uliza tena basi. Mu telefone sikuona sura yako."

Akauliza. Neno zima, bila kulikata. Niliangalia kabati.

"Ndiyo," akasema padri. "Najambaka."

"Hata ukivaa kanzu?"

"Kanzu haizuiake. Mama hapa anazishona vizuri, lakini haizuiake. Wiki iliyopita ilinipata mu kitubio. Ile chumba iko kidogo, haina dirisha. Mutu ya kuungama alinyamaza. Nilifikiri anatubu kwa nguvu."

Mvulana akatoa sauti fulani puani. Jibu lake la seminari lilikuwa limeanguka, lakini alikuwa amepata kitu bora zaidi.

Msichana hakucheka. Alisogea mpaka ukingo wa kiti. "Bakakufukuza?"

"Nani anifukuze?"

"Batu ya nyumba yako."

Padri akanitazama, nami nikamtazama. Akaacha utani. Akainama kidogo, mikono kati ya magoti. "Mutoto yangu, nani alikuambia mutu akijamba banamufukuza?"

Msichana akaeleza, kwa sauti ya mtu anayetoa somo shuleni. Katika nyumba ya pili, jioni moja wakati wa sala, ilimtoka. Watu wakacheka, mama wa nyumba akasema aende nje. Kesho yake asubuhi asistanti akaja na moto, akamchukua pamoja na mfuko wake. Mtoto wa nyumba ile alimfuata mpaka barabarani, akamwambia: umeona, weye unajamba, njo banakutosha mu nyumba. Basi alipofika kwangu akaamua hatafanya tena. Ikija, anatoka nje, anatembea kuzunguka nyumba, anairudisha.

"Inarudiaka?" akauliza mvulana, kwa hamu ya kweli.

"Inarudiaka. Lakini inakuyaka na zingine."

Nilijua kwa nini alitolewa pale. Asistanti alikuwa ameniambia tangu mwanzo: familia ile ilikuwa inahamia Mahagi, na yeye hakuweza kuvushwa mbali kabla ndugu zake hawajapatikana. Karatasi ilikuwa tayari wiki nzima kabla ya jioni ile ya sala. Hakuna mtu aliyefikiri kumwambia mtoto mwenyewe. Nami pia, niliyejua, sikumwambia, kwa sababu hakuuliza. Nikamweleza pale pale, mbele ya padri, tangu mwanzo hadi mwisho. Alinisikiliza huku akinikagua usoni.

"Na weye, Mama?"

"Mimi nini?"

"Unajambaka?"

Niliishi na marehemu mume wangu miaka ishirini na miwili, na yule mtu alikufa akiamini kwamba sijawahi. Dada zangu hawajui. Nilimwangalia padri anisaidie, na padri akaanza kusoma kwa makini jalada la rejesta ya ndoa.

"Ndiyo," nikasema.

"Siku gani?"

"Siku nyingi."

"Ya mwisho?"

"Jana. Pale kwa masini." Nikaona nusu ya ukweli haitoshi. "Njo maana wakati mwingine nakanyagaka pedali kwa nguvu."

"Nilijuaka," akasema mvulana polepole. "Kuna saa masini inakimbia na hakuna nguo."

Padri akainuka, akafungua kabati, akaingiza kichwa ndani. Alisema anatafuta kitu. Mabega yake, ambayo nayajua kwa sentimeta, yalitikisika muda mrefu sana, na hakurudi na kitu chochote.

Tulipotoka nje ya uwanja wa parokia, msichana alisimama kando ya ukuta. Alituangalia mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeomba ruhusa ya kupita mbele ya wazee. Kisha akaachilia.

Sina namna ya kuieleza kwa adabu. Zilikuwa za wiki tatu. Mbuzi mmoja aliyekuwa anakula majani kando ya ukuta aliinua kichwa akahama. Kijana wa moto aliyekuwa anasubiri wateja alishuka, akainama kuangalia gurudumu lake la nyuma. Msichana alikaa mahali pake mpaka zikaisha, na uso wake ukafunguka kidogo kidogo, na mara ya kwanza nikaona kwamba ana mwanya kati ya meno ya mbele, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza alicheka. Mvulana naye alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake nzuri. Mimi nilishikilia mkoba wangu wa misa kwa mikono miwili. Nilijaribu kuwa mtu mzima, nikashindwa. Nililazimika kuegemea ukuta wa parokia, makamu wa rais, machozi yananitoka.

Mchana ule alikula sahani mbili za maharagi.

Baada ya hapo ikabidi nitunge kanuni yangu mwenyewe, maana mlango ukishafunguka hivyo haufungiki nusu. Mvulana alikuwa amefungua daftari, anatoa alama kama za buletini ya shule: soixante pour cent, sitini kwa mia, kisha soixante-quinze, na siku moja ya viazi vitamu akatoa quatre-vingt-dix, tisini nzima, na kumpa mwenzake mkono. Nikawaambia: nje ni huru, ndani unasema pardon, yaani samahani, kanisani unajitahidi. Msichana alishika vizuri neno pardon. Tatizo ni kwamba alilisema kabla. Ulikuwa ukisikia "pardon" kutoka chumba kingine, unahesabu moja, mbili.

Mwisho wa mwezi asistanti akaja kufanya ukaguzi, na karatasi zake na kalamu. Tulikaa barazani wote wanne. Alikuwa anauliza maswali yaliyoandikwa, na watoto wanajibu. Mnakula mara ngapi. Mnalala wapi. Mna nguo. Akafika karibu na mwisho wa ukurasa, akasoma kwa sauti yake ile ya upole: "Mutoto anajisikia huru ndani ya nyumba?"

"Pardon," akasema msichana.

Asistanti akafikiri hajasikia vizuri, akaanza kurudia swali. Hakulimaliza.

Mvulana alitazama dari, midomo inacheza, naona anatafuta alama ya haki. Asistanti alikaa na kalamu hewani, masikio yamemwiva. Kisha akainama juu ya karatasi, akaandika, na kwa kuwa nilikuwa nimevaa miwani yangu nilisoma: Ndiyo. Akapiga mstari chini ya neno lile.

Msichana alikaa nasi miezi saba. Katika mwezi wa nane shangazi yake akapatikana, mwanamke anayeuza vitunguu na sabuni kwenye soko la Mahagi, ambaye alikuwa ameuliza habari zake kwa kila lori linalotoka huku. Alikuja kumchukua mwenyewe. Walipoonana msichana alimtambua kwa mbali, kwa kutembea kwake tu, akakimbia, na kikombe kikaanguka barabarani. Nilimshonea magauni mawili yenye nafasi tumboni. Mvulana alibeba mfuko mpaka kwenye gari, na kwa siku kadhaa mtu akimwuliza kitu nyumbani alisema aulizwe mwingine.

Sasa Jumapili mchana msichana anapiga kwa telefone ya shangazi. Mara ya mwisho alikuwa na jambo zito. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, saa yao inakimbia mbele ya yetu saa moja nzima, hilo alilihakikisha kwa saa ya mkononi ya dereva. Alitaka kujua: ng'ombe akivushwa asubuhi kuja kuuzwa Mahagi, anakuwa amepunguza saa moja ya umri wake au hapana?

Nilimpa mvulana telefone. Akasema ng'ombe hana saa, kwa hiyo haimhusu. Msichana akasema hilo si jibu. Akasema kuna mchuuzi wa ng'ombe pale sokoni, amekwisha kumfukuza mara mbili, lakini yeye kesho atarudi kumwuliza tena, na ng'ombe mwenyewe atamwangalia umri menoni. Tukasikia shangazi anaita kwamba chakula kinapoa, na akakata bila kuaga.